Sungura Haguswi

Harufu ninayoikumbuka ni ya senti zilizolala kwenye pindo la kanga: shaba, jasho na mafuta ya taa kidogo. Mama alikuwa akirudi kutoka mnadani amechoka, anakaa kwenye kigoda, ananyoosha miguu na kuniita tugawe fedha. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa karibu na Sepuka, nyumba zimepangwa kama matuta ya viazi, na kuku wachache waliopona ile safari ya kuhama ndio waliokuwa mshahara wetu. Baba alikwenda Tanga kukata mkonge, akatuacha na mama, mimi na mdogo wangu, na habari zake zilikuja mara moja moja.

Mama hakujua kusoma. Fedha alizijua kwa wanyama waliochorwa juu yake: senti tano ilikuwa samaki, ishirini ilikuwa mbuni, hamsini ilikuwa sungura. Shilingi yenye mwenge haikuwahi kukaa kwetu kiasi cha kupewa jina. Alikuwa na kanga kuukuu aliyoificha ndani ya chungu cha mbegu, na kwenye kanga hiyo alifunga mafundo matatu: fundo la tumbo, fundo la nyumba, fundo la kesho. Samaki na mbuni waliingia na kutoka kwenye yale mawili ya kwanza, mara chumvi, mara kiberiti. La tatu lilipata sungura mmoja kila mnada. Alilifungua mwenyewe akiwa amenipa kisogo, akalikaza tena, kisha akanipa nihesabu kwa vidole juu ya nguo.

"Sungura haguswi," alisema kila mara, hata siku ambazo sikuwa nimeuliza kitu.

Sungura wakifika kumi, tungenunua kitambaa cha gauni la shule. Bila gauni mwalimu aliwarudisha watoto mlangoni, na mimi alikwisha kunirudisha mara moja. Nilikuwa na miaka tisa. Watoto niliowabeba mgongoni walikuwa tayari wanaandika majina yao mchangani, wananionyesha. Kwa hiyo lile fundo nililitaka kuliko chakula, na bado somo lenyewe nililichukia, maana lilikuwa somo la kusema hapana kila wiki, na wakati ule wa njaa, uwele ulipokauka shambani, hapana ilikuwa nyingi mno.

Siku moja mama akiwa kwenye shamba la kijiji, nilifungua fundo la kesho nikachukua sungura mmoja, nikanunua kashata. Nilizila zote nyuma ya banda la kuku. Kisha nikaokota kigae cha chungu kilichovunjika, nikakisugua kwenye jiwe mpaka kikakaribia uduara, nikakifunga mahali pa sungura. Kila mnada uliofuata nilikihesabu pamoja na sungura.

Siku vidole vyangu vilipofika kumi, alilichukua fundo akalipapasa mwenyewe. Nilitamani asifungue. Naye, sasa najua, alitamani nihesabu vibaya. Akafungua. Sungura walikuwa sita, na vigae vinne. Changu nilikitambua mara moja kwa pembe yake. Vile vingine vitatu vilikuwa vimesuguliwa vizuri, duara kabisa, na mtu mwenye subira kuliko mimi.

"Hivi vitatu mlivila, wewe na mdogo wako, unga ulipokwisha," mama alisema. "Hiki kimoja sijui kimeliwa na nani."

"Nilinunua kashata, mama."

"Zilikuwa tamu?"

"Ndiyo, mama."

Akatikisa kichwa polepole, akavitupa vigae nje, akafunga tena sungura sita. Niliona aibu, lakini zaidi nilimwonea huruma, na ni huruma ambayo haijaniisha. Niliingia darasa la kwanza mwaka uliofuata, mrefu kuliko wote, na gauni lenye pindo refu la kuniachia nafasi ya kukua.

Leo ninaishi Mwankoko na mjukuu wangu, naye nimemwekea makopo matatu. Wanyama wa siku hizi wamekuwa wakubwa, mia mbili ina simba, mia tano ina nyati, lakini simba wa leo hanunui alichonunua sungura. Kopo la kesho ni la viatu vyake vya shule. Mwezi uliopita umeme wa kulipia uliisha nami sina kitu cha kununulia mwingine, nikachukua nyati wawili humo, nikaweka vizibo viwili vya soda ili lisipungue mlio. Nilijiambia nitawarudisha, na sijawarudisha.

Jana aliniletea kopo nilitikise. "Bibi, limejaa," alisema, huku akitazama kuku uani. Nikalitikisa. Vizibo vilivyolia humo ndani vilikuwa vingi kuliko vyangu viwili. Nikamrudishia, nikamwambia tusubiri kidogo kabla ya kulifungua.