Tik-tik ya Mjomba

Mjomba wangu anachomelea mageti. Jumamosi anapiga gita la umeme kwenye harusi za watu, mkewe anaimba. Wametoa jasho kwenye harusi hizo tangu mimi sijazaliwa, lakini wimbo wao haujawahi kurekodiwa hata mmoja. Nilipopata kazi ya kukaa kwenye mitambo ya studio, jambo la kwanza lilikuwa kumbembeleza bosi awape nafasi. Akawapa. Kisha akasikiliza tulichorekodi asubuhi, akakunja uso.

"Hiyo tik-tik ni ya nini? Gita hilo, au kuku anadonoa bati? Naenda kula. Nikirudi bado ipo, gita linatoka, tunaweka kinanda."

Mjomba alilipakata gita lake kama mtoto mwenye homa, na mimi roho ikaniuma.

Tik-tik yenyewe ni sauti ya kile kiplastiki anachoshika vidoleni kukwaruzia nyuzi. Dawa zake nilizijua, au nilijidanganya. Nikampa chembamba zaidi. Tik-tik. Nikamwambia akilaze kidogo kinapogusa nyuzi. Tik-tik. Nikapunguza ukali wa sauti kwenye amplifaya, nikasogeza maikrofoni pembeni ya spika. Tik-tik, tena safari hii kwa dharau. Nikamwomba apige kwa kidole gumba. Akapiga kama mtu aliyevaa glavu za kuchomelea, nikaghairi. Mwisho nikachutama mbele ya spika, sikio pale pale. Tik-tik haimo! Nikarudi kwenye mitambo: imo. Nilichanganyikiwa hadi nikataka kulia.

"Labda ni shetani, mpwa wangu," Mjomba akasema.

"Shetani ana kazi zake, Mjomba. Hebu tulia."

Kwa hasira nikaanza kuzima maikrofoni moja moja. Nilipozima ya mkazamjomba, tik-tik ikafa. Kumbe! Wawili hawa hukaa goti kwa goti, ndivyo walivyozoea, na maikrofoni ya mama wa watu ilikuwa inanasa kiplastiki moja kwa moja kutoka kwenye nyuzi. Nilikuwa nimemsumbua mzee bure.

Nikamhamishia mkazamjomba chumba cha pili, hedifoni masikioni, mgongo kwenye kioo kinachotenga vyumba. Gita likatoka safi. Ila sasa mkazamjomba haimbi. Mjomba anazunguka na utangulizi, anazunguka, anazunguka tena.

"Mkazamjomba, ingia basi!"

"Niingie wapi? Namsubiri yeye."

"Si unalisikia gita?"

"Gita nalisikia. Mimi huingia akikwaruza ule mkwaruzo mmoja wa nguvu. Leo hakwaruzi."

Mjomba akaacha kupiga. "Unanisubiri mimi? Mimi ndiye ninayekusubiri wewe! Ukivuta pumzi, ndipo nakwaruza."

"Mimi navuta pumzi ukikwaruza!"

Nikashika kichwa. Muda wa bosi ulikuwa unayoyoma, na hapa nina watu wawili wanaopishana mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake atangulie. Nikakimbia chumba cha pili, nikaigeuza maikrofoni, nikamgeuza na mwenyewe atazame kioo. "Tazama mkono wake. Usisikilize, tazama."

Akatazama. Mjomba naye akamkodolea macho mkewe kama siku ya posa. Sikuona nani alitangulia, naapa, lakini sauti ikaingia mahali pake barabara.

Bosi alirudi akichokonoa meno. Akasikiliza hadi mwisho. "Gita libaki," akasema, akaenda zake. Mjomba akajifuta uso kwa shati.

Nilifurahi, lakini kichwa kilikuwa bado kinazunguka. "Sasa miaka yote hiyo nani alikuwa anaanza?"

Mjomba akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama yeye. Hakuna aliyejua.

"Afadhali sikujua," mkazamjomba akasema. "Ningejua hakuna anayeniongoza, nisingethubutu kufungua mdomo."