Mwaka Ambao Baridi Haikuja Hamriya

Nilipokuwa mtoto wa kupanda kiti ili nifikie swichi ya ukutani, niliamini kwamba waliokufa hawaji kutusalimu mpaka viyoyozi vizimwe. Imani hiyo niliipata kwa bibi yangu, mama yake baba, aliyekulia Unguja. Alihamia Maskati akiwa mtu mzima, viyoyozi akavikuta huku, ila imani yenyewe alikuja nayo pamoja na chetezo chake cha udongo.

Nyumba yetu ya mtaa wa Hamriya ilikuwa na viyoyozi vya dirishani, vikongwe, vilivyonguruma mchana na usiku muda wote wa joto. Tuliishi tukipigiana kelele kama watu wa mashine ya kusaga. Baridi ilipoingia, baba alipita chumba hadi chumba akivizima, na nyumba ikanyamaza. Siku hiyo Bibi alifukiza ubani, akamimina kikombe kimoja cha kahawa na kukiweka kwenye dirisha la sebuleni. Hakuna aliyeruhusiwa kukinywa. Kilikuwa cha wazee waliotangulia, na jioni kilimwagwa shinani mwa mlimau.

"Wao hawashindani na makelele," Bibi alikuwa akisema. "Nyumba ikinyamaza ndipo wanapopita."

"Mama, hayo hayamo katika dini," baba alimwambia kila mwaka.

"Kwani nimesema yamo?"

Mama yangu alifariki katikati ya joto kali, nikiwa darasa la tatu. Sikulia. Watu walijaa ndani, wanawake wakinivuta vifuani mwao mmoja baada ya mwingine, na mimi nikawa naangalia vifungo vya nguo zao. Walipoondoka, Bibi alinikalisha kitandani kwake.

"Raya, mama'ko atakuja kukusalimu. We ngoja baridi tu."

Basi nikaingoja. Kila nilipoamka niliweka kiganja kwenye kioo cha dirisha, maana baridi huanzia hapo. Mwezi wa kumi na moja ukapita, kioo kikiwa vuguvugu. Wa kumi na mbili ukaja, na viyoyozi vikaendelea kunguruma. Sweta langu la skuli lilibaki katika mfuko wake wa nailoni. Muuza duka wa jirani alipanga nje mablanketi yake, yale mazito yenye picha za maua na chui, yakakaa pale yakila vumbi. Watu waliifurahia hali ile, wakenda pwani ya Bustan kuogelea katika siku ambazo miaka mingine walikaa ufukweni wamejitanda mashali wakinywa chai ya tangawizi. Baba alirudi kutoka ofisini Al Khuwair kanzu imemganda mgongoni, akala, akaingia chumbani kwake na kukipandisha kiyoyozi mpaka mwisho. Chake ndicho kilichokuwa na kelele kuliko vyote.

Ngojangoja huumiza matumbo, husema watu. Langu halikuuma. Nilikula, nilikwenda skuli, niliandika nilichoambiwa niandike. Nikikumbuka miezi ile naona kama niliitazama kupitia kile kioo, na kiganja changu juu yake.

Siku moja nilimkuta muuza duka akiyaingiza mablanketi ndani. Nilikwenda kumwambia Bibi. Alikuwa akichagua mchele, akasita, akanitazama kitambo, kisha akaendelea kuchagua.

Ijumaa ile, baada ya chakula cha mchana, alimwambia baba azime viyoyozi.

"Na joto lote hili, Mama?"

"Tutatoka jasho. Jasho haliuwi."

Baba hakubishana. Alivizima vyote isipokuwa cha chumbani kwake, akasema yeye anakwenda kulala. Bibi akafukiza ubani, akaweka kikombe dirishani, nasi tukakaa mkekani. Nilisikia njiwa, nikasikia maji yakidondoka jikoni, na juu ya yote hayo ule mngurumo nyuma ya mlango wa baba. Kile kilikuwa chumba chake na mama.

"Atakwenda kule," nilisema, "na kule hakujazimwa."

"Nenda kazime," Bibi akasema. "Mwambie nimekutuma mimi."

Nilibisha hodi, hakunisikia. Ndani pazia limefungwa, na baba amelala ameelekea ukutani. Nilivuta kiti cha mama cha mbele ya meza ya vioo, nikapanda, nikabonyeza swichi. Mashine ikatetemeka, ikafa.

Baba alikuwa akilia. Alilia kwa sauti, kama mtu mwenye yakini kuwa hakuna anayemsikia. Wala hakutambua mara moja kwamba kelele zimekatika, aliendelea kidogo katika ule ukimya, mpaka alipojisikia mwenyewe na akanyamaza.

"Nani?"

"Mimi. Bibi kanituma."

Hakugeuka. Sikujua nishuke au nibaki juu ya kiti. Bibi akaingia, mkononi amekishika kile kikombe cha dirishani, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Seif, mwanangu. Kunywa."

"Mama, hicho si changu."

"Nnajua ni cha nani. Kunywa."

Akainuka, akakinywa, naye Bibi akamfuta uso kwa ncha ya mtandio wake. Mimi sikulia hata hapo. Nilimtazama baba, jasho likimtiririka shingoni, na nilichowaza ni kwamba mama hakuja.

Bibi naye ameshatangulia, na sikupata kumwuliza kama kilio cha baba alikijua tangu mwanzo. Nadhani alijua, chumba chake na cha baba vilitenganishwa na ukuta mmoja. Inaniuma hadi leo kwamba miezi yote ile nilikuwa macho kumngoja mama, na baba yuko nyuma ya mlango, hana hata mtu wa kumsalimu.

Baba sasa anaishi na mimi Al Khuwair. Viyoyozi vyetu vya leo havina sauti, mtu akikohoa chumba cha pili unamsikia. Hata hivyo baridi ikiingia nazima vyote, nafukiza ubani, namimina kikombe kimoja cha kahawa. Sikiweki dirishani. Nampa yeye mkononi, anakinywa chote taratibu, na kila mwaka ananiambia kwamba hayo hayamo katika dini.

"Kwani nimesema yamo?" namjibu, na nakaa naye mpaka amalize.