Mkono wa Kushoto wa Nzioka

Nzioka alivunjwa mkono na lango la ploti. Lilikuwa lango zito la chuma, pale Kiganjo alikopanga, na wapangaji walikuwa wamesema mpaka wakachoka kwamba bawaba zake zimeoza. Asubuhi moja ya upepo likang'oka, likamwangukia akitoka kwenda kazini. Mwenye ploti alimpigia simu kumpa pole, na lango likatengenezwa wiki hiyo hiyo.

Mfupa uliunga vizuri. Vilivyokataa kukunjika ni vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto. Daktari wa Thika alimwambia vingeweza kurudi, na vingeweza visirudi, kisha akamuuliza anafanya kazi gani. Nzioka akasema anaandika programu za kompyuta. Daktari akasema afadhali, maana hiyo si kazi ya mikono.

Sasa, mtu wa kazi hiyo hagusi kipanya sana. Akitaka kusevu, kunakili mstari au kutafuta neno, hubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na karibu kila mara kimoja ni Control, kile cha pembeni kabisa, chini kushoto, mahali pa kidole cha mwisho. Nzioka alirudi ofisini Ruiru akatangaza kwamba amepona. Mkataba wake ulikuwa karibu kuisha, na tena alikuwa amechoshwa na pole za watu. Siku ile ya kwanza alisevu kwa kuupindua mkono mzima kama mtu anayekamua ndimu. Kufika jioni bega lilikuwa linawaka moto.

Akaanza kuhamisha vitufe. Programu waliyoandikia ilimruhusu: unafungua mipangilio, unaiambia kazi ya vitufe hivi itafanywa na kile pale. Kusevu akakupeleka kwenye F9, upande wa kulia, wa mkono usioumia. Kutafuta kukaenda F10. Kwa siku kadhaa alisevu alipotaka kutafuta na akatafuta alipotaka kusevu, kisha mkono wa kulia ukazoea. Tatizo likabaki vile vidole vigumu, ambavyo vilikuwa vikiburuzika juu ya Control bila kuombwa. Kwa hiyo akaifuta ile mipangilio ya zamani kabisa, Control ikiguswa isifanye lolote. Hapo akapata raha. Alipokuwa hachapi, mkono ulikaa mfukoni mwa jaketi, na wenzake wakadhani ana baridi.

Ofisi yao ilikuwa na faili moja ya mipangilio ambayo kompyuta zote ziliichukua asubuhi. Ijumaa moja, akipeleka kazi yake ya wiki, Nzioka aliipeleka na faili yake, ikakaa juu ya ile ya ofisi. Hakujua.

Jumatatu watu walisevu asubuhi nzima na hakuna kilichosevika. Alama ndogo ya kuonyesha hivyo ilikuwepo kwenye skrini, lakini nani huiangalia? Karibu na saa ya chakula stima ikapotea. Iliporudi, asubuhi yote ilikuwa imekwenda, isipokuwa ya Nzioka.

Mburu, mkubwa wao, aliifungua ile faili akaona jina la aliyeibadilisha. Akamwita mezani kwake.

"Nzioka, ni wewe ulitoa vitufe vya kusevu?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Njiani kutoka kitini mwake Nzioka alikuwa ametunga uongo mzuri, kwamba alikuwa akijaribu kitu. Badala yake akautoa mkono mfukoni, akauweka mezani, akaukunja. Vidole vitatu vikakunjika. Viwili vikabaki vimeelekea kikombe cha chai cha Mburu.

"Hivi viwili vinagusa Control nisipotaka," akasema. "Nikitaka, haviigusi."

Mburu aliangalia mkono, akaangalia chai. Akasema angeweza kuwaambia. Nzioka akakubali kwamba angeweza. Mburu akauliza kama mkono huo umemrudisha nyuma kikazi.

Idah, aliyekaa meza ya pili na ndiye aliyepoteza kazi nyingi zaidi, alijibu bila kuinua macho kwenye kibodi. "Tangu arudi anamaliza kabla yangu. Kosa ni hili moja. Na nimelikasirikia."

Faili ya ofisi ikarudishwa, ya Nzioka ikabaki kwenye kompyuta yake peke yake. Mkataba ulipofika mwisho akaongezewa mwaka. Hakuna aliyezungumzia mkono.

Idah alikaa siku kadhaa akimsalimu kwa kichwa tu. Kisha ikatokea kazi ya watu wawili kwenye kompyuta moja, akavuta kiti karibu naye.

"Mkono unauma?" akauliza.

"Mvua ikinyesha tu."

Idah akaangalia dirishani. Ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Akaivuta kibodi upande wake, akauliza kusevu ni kitufe gani.

"F9," akasema Nzioka, na akaanza kumtajia cha kuandika.