Puli ndogo na shikamoo ya mwenyekiti

Jamani, leo nimefukuzwa gereji hapa Sirari kwa kucheka!

Fundi alikuwa ananieleza supachaja ya gari lake. Eti akiifunga puli ndogo, lile gurudumu la mkanda, itazunguka kasi zaidi na kusukuma hewa nyingi kwenye injini.

Mimi huyo, kicheko.

Puli ndogo naijua tangu kijiji cha ujamaa, kule Susuni. Nilikuwa kijana, naendesha mashine ya kusaga. Akina mama wakalalamika foleni haisogei, mwenyekiti wa kijiji akatuma neno kwamba anakuja kuninyang'anya funguo.

Nikamuwahi. Kinu nikakifunga puli ndogo.

Weee! Kikazunguka kama kimepandwa na wazimu. Mfuko wa unga ukapasuka, chumba kizima kikawa vumbi.

Ndipo mwenyekiti akaingia. Yule yule aliyekuwa anatugombeza vijana tusipomwamkia!

Akaona mtu amesimama kwenye vumbi, kichwa cheupe pe, nyusi nyeupe. Akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

Nyie mngefanyaje? Semeni ukweli.

Mimi nilikaza sauti: "Marahaba, mwanangu. Kapange foleni."

Akaenda.