Baiskeli Niliyoisifu kwa Mdomo Wangu

Mtu akija kwangu kununua baiskeli simuulizi ana miaka mingapi. Namwambia asimame nimtazame miguu. Kuna watu warefu wenye miguu mifupi kama bata, na kuna wafupi ambao wote ni miguu. Mtu mzima naiweka baiskeli katikati ya miguu yake, nyayo zote mbili chini, halafu natazama nafasi kati ya lile bomba la juu na suruali yake. Vidole vinne vikipita, tunaongea. Visipopita, airudishe. Mtoto namkalisha juu ya tandiko: vidole vya miguu viguse ardhi, na mkono uibane breki bila kujinyoosha. Basi. Hayo sikuyasoma popote. Shule niliiacha darasa la tatu, na kwa kazi hii nimejenga nyumba ya matofali hapa mtaani Buyenzi na kumsomesha mwanangu mpaka akapata ofisi ya serikali kule Rohero.

Ugonjwa wa watu wa hapa ni kununua kikubwa. Sare kubwa, viatu vikubwa, ili mtoto avikute mwakani. Mama mmoja aliwahi kunigombeza mbele ya wateja.

"Muzee, hii ni ndogo! Nipe ile kubwa, atakulia mule mule."

"Mama, kiatu kikubwa unakijaza makaratasi. Kinga, baiskeli hii, utaijaza nini?"

"Weee! Mufanyabiashara gani anakataa feza?"

"Ule asiyetaka kukuja kwenye matanga."

Aliondoka akinitukana. Nimewafukuza wengi namna hiyo, na sijutii hata mmoja. Ninayemjutia ni mwingine.

Mwaka jana mjukuu wangu, binti wa huyo mwanangu wa ofisini, alihitimu Kurani akiwa na miaka tisa. Karamu ilifanyika kwao Musaga, pale barabara inapoteremka. Viti vya kukodi, pilau, wakubwa wa kazini kwa mwanangu wamekaa mbele. Baada ya kula, mwanangu akatoa zawadi yake: baiskeli nyekundu, mpya, imefungwa utepe.

Niliona kabla haijasimama. Tandiko lilimfika mtoto kifuani. Breki zilikuwa za mkono wa mtu mzima. Nikamvuta mwanangu pembeni.

"Nani alimupima?"

"Papa, siku hizi apana kupima. Kuna namba ku tairi. Nimechukua kubwa kidogo, atakulia mule."

Maneno yale yale, kutoka kinywa nilichokilisha mimi.

"Na duka la baba yako hukuliona?"

"Kwako ni za okazyo, Papa, zimeshatumika na watu. Leo kuna wageni."

Akarudi kwa wageni wake, kaniacha nimesimama karibu na masufuria.

Kwetu zawadi haipokelewi kimya. Lazima mkubwa wa ukoo apewe neno, asimame, aipokee kwa niaba ya mtoto na kuisifu. Anayetia kasoro mahali hapo ameivunja heshima ya nyumba nzima, na watu watalizungumza mpaka Gasenyi, upande wa pili wa mji. Nikaitwa. Ningeweza kusema, baiskeli nzuri, nitakaa nayo mimi mpaka miguu ya binti ifike. Hakuna ambaye angekasirika. Sikusema. Nilisema kwamba katika miaka yote niliyoshika spana sijaona baiskeli iliyomfaa mtoto kama hii. Watu wakapiga makofi. Mkubwa mmoja alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Adabu ilikuwamo, lakini nisijifiche nyuma ya adabu. Kilichonifunga mdomo ni kwamba sikuulizwa. Moyoni nilisema: acha aone. Aliyesoma namba za tairi, namba zimfundishe.

Hazikumfundisha yeye. Juma lililofuata mtoto aliteremka na ile barabara, vidole vyake havikuifikia breki, akaishia ndani ya mtaro wa mawe. Meno mawili ya mbele yakatoka, na mkono wa kulia ukavunjika mahali pawili. Ulipona, lakini haukunyooka.

Hospitalini nilikwenda na hasira yangu nimeiandaa. Mwanangu alikuwa kwenye benchi, shati lina damu ya mtoto. Nikaanza tu, "Sasa umeona ile namba yako..." Akainua uso.

"Papa, si we mwenyewe ulisema mbele ya watu wote?"

"Nilisema ili usipate haya."

"Mi niliamini. Mi sijui kinga, Papa. We ndo unajua. Nilingojea useme. Ungesema apana, ningeirudisha kesho yake."

Mimi, ambaye hakuna mtu aliyewahi kunishinda kwa maneno sokoni, nilikaa mwisho wa benchi lile nikaangalia viatu vyangu.

Mkono ulipotolewa plasta niliunda baiskeli ndogo kwa vyuma nilivyochagua kimoja kimoja. Nikaisukuma mwenyewe mpaka Musaga, sikutaka kumpa mtu. Mjukuu wangu alikubali kukaa juu yake. Nilichuchumaa nikatazama: vidole vya miguu viligusa ardhi sawasawa. Kipimo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupima.

"Babu," alisema, huku anaficha pengo kwa mkono. "Ile siku ya sherehe, ulijua ile ingine ni kubwa?"

Mama yake alikuwa mlangoni, akaacha kufagia.

"Nilijua," nikasema.

Hakulia. Aliteremka polepole, akaiegemeza baiskeli ukutani kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kitu cha jirani, akaingia ndani na mama yake. Nililetewa chai nje. Nilikaa mpaka ikapoa na kufanya utando juu, nikidhani atatoka. Hakutoka.