Siku Magari ya Mashindano Yalipopita Samuye

Ulikuwa mwaka wa pili tangu niolewe Samuye, katikati ya miaka ya sabini, na mimi na mama mkwe tulikuwa hatujawahi kukaa tukazungumza. Kila asubuhi nilimwamkia, "Mwangaluka, mayu," kwa Kisukuma changu cha kujifunza, naye akaitikia na kuendelea na kazi. Kwetu ni Ushirombo, si Usukumani. Hata ugali wangu aliula kama wa mgeni.

Siku moja balozi wa nyumba kumi alipita akitangaza kwamba magari ya mashindano yatapita barabara kuu, kila mtu afunge ng'ombe wake zizini. Mume wangu alikuwa kazini mjini Shinyanga, nikadhani nitakwenda peke yangu. Nilipotoka nje, nikamkuta mama mkwe uani amevaa vitenge vyake vya kanisani.

"Twende," alisema. "Ng'ombe wangu wanashinda na njaa. Angalau niyaone hayo yaliyowafungisha."

Tulisimama kando ya barabara na watu wengine mpaka jua likatukaa utosini. Kwanza tuliona vumbi, mbali kule, kama moshi wa nyasi zinazochomwa. Kisha mlio. Kisha gari lenyewe likapita, kokoto zikatuchapa miguuni. Nilikuwa nimejiandaa kushangilia, mikono nimeshaiinua. Kitu nilichokingoja tangu asubuhi kilikuwa kimekwisha kabla sijajua hata rangi yake.

Gari la nne lilishindwa kona, likatumbukia mtaroni hatua chache kutoka tulipokuwa. Watu wakakimbilia. Dereva, Mhindi mmoja kijana, alitoka akahangaika kulizunguka gari. Mwenzake, msoma ramani, akavua kofia ngumu, na nywele ndefu zikamwangukia mabegani. Alikuwa mwanamke, na paji la uso lilikuwa linavuja damu.

Mama mkwe alipenya katikati ya wanaume, akavua kitenge cha juu, akamfuta.

"Inauma?"

"Kidogo, mama. Asante."

"Na utapanda tena?"

"Lazima. Bila mimi huyu hajui njia."

Mama mkwe akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani. Kisha akawafokea wanaume waache kukodoa macho, wanyanyue gari. Nami nikajikuta nasukuma, bega langu limegusana na lake. Gari likatoka mtaroni, likaondoka, tukabaki tumejaa vumbi hadi kwenye kope.

Miaka ya baadaye niliyatazama tena mashindano hayo, nikiwa na watoto. Hiyo mara ya pili siikumbuki hata kidogo.

Tulishika njia ya nyumbani, tukaiacha barabara. Ndipo mama mkwe akaanza kusema, bila kunitazama. Mwaka mmoja wa njaa, yeye bado msichana, baba yake aliugua. Yeye ndiye aliyeswaga ng'ombe kutafuta majani, mpaka upande wa Geita, akilala porini na fisi wakilia karibu. Aliwarudisha wote isipokuwa ndama mmoja.

"Mvua iliponyesha nikarudi, nikaolewa," alisema. "Tangu hapo hakuna aliyewahi kuniuliza habari za safari ile."

Nikamuuliza maji ya kuwanywesha ng'ombe aliyapata wapi.

Akasimama, akachuchumaa, akaanza kunichorea ile njia kwa kidole kwenye mchanga.