Tulivyompangia Afande Siku ya Kuvua

Yule mama alikuwa mteja wangu kwa muda mrefu kabla sijajua kwamba mume wake ni mgonjwa. Kila Jumanne na Ijumaa nilimpelekea samaki nyumbani kwake Nyamityobora, mjini Mbarara, sato wabichi wa ziwa la Nakivale niliowafunga kwa majani ya mgomba ili joto la njiani lisiwaharibu. Alikuwa mke wa askari. Tulizungumza mlangoni, habari za mvua na za watoto, kisha nikaenda zangu. Siku moja akaniambia niingie.

Mumewe alikuwa ameketi sebuleni, mtu mrefu, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine. Kiharusi kilikuwa kimempata akiwa kazini. Upande wote wa kulia ulikuwa umekufa, na maneno yaliyombakia yalikuwa machache, moja moja. Mkewe alichukua samaki mmoja kwenye beseni langu akampa. Afande akamshika kwa mkono wa kushoto, akafungua shavu la samaki kwa kidole gumba, akaangalia ile nyama nyekundu ndani, akanusa.

"Leo," alisema.

"Leo asubuhi, afande," nikamjibu.

Mkewe alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi. "Umeona? Siku wewe unaleta samaki, yeye anaamka. Siku zingine anaangalia ukuta tu. Huyu alizaliwa kwa ziwa, kule mashariki, baba yake alikuwa mvuvi. Mama, mimi nataka nyinyi mumpeleke kwa maji. Siku moja tu. Avue."

Nilimwambia kwamba mimi ni muuzaji, na mwenye kujua maji ni yaya wangu. Kwetu Kivu ya Kusini ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, awe wa kiume au wa kike. Ningeweza kuishia hapo. Nilipokuwa msichana, nguo ya jeshi ilikuwa na maana moja tu, kimbia, na hata leo mgongo wangu hukaza nikiiona sokoni. Lakini nilipotoka mlangoni pale nilikuwa nimeshaahidi.

Sababu naijua. Baba yetu alikuwa mvuvi wa Tanganyika. Asubuhi tuliyokimbia vita, miguu yake ilikuwa imevimba, hatembei tena, na mtumbwi ulikuwa umejaa watu hadi maji yanachungulia ndani. Aliketi ufukoni akatuambia twende. Yaya ndiye aliyekuwa ameshika kasia. Hatujui mwisho wa baba mpaka leo, na yaya hajawahi kulitaja jambo hilo, si kanisani, si msibani, si tukiwa wawili.

Kwa hiyo nilipomweleza habari za afande nilitazamia akatae. Alikuwa anashona wavu mbele ya nyumba. Aliniuliza, "Ana kilo ngapi?"

"Sijue. Ni mtu mukubwa."

"Mukono gani ilikufa?"

"Ya kuume."

"Basi atakaa kushoto, mukono muzima ikuwe upande wa maji." Akaendelea kushona, halafu akasema juu ya mtumbwi wake, "Lakini mu pirogi hakuna fasi ya kuegemea. Akianguka, atatuzamisha sisi bote."

Kesho yake alichukua kiti cha plastiki, akakikata miguu kwa msumeno, akakifunga kwenye ubao katikati ya mtumbwi. Tukakijaribu kwa gunia la mahindi. Tulilikalisha kitini, tukalifunga kwa kanga yangu kiunoni, kama mtu, na majirani wakaja kucheka. Yaya alipopiga kasia mara ya tatu mtumbwi uliinama, gunia likaenda majini na kiti chake. Mahindi yetu yalishinda siku mbili juani yakikauka na mengine yakaota. Waliocheka walicheka zaidi. Yaya hakucheka. Alikwenda kuazima mtumbwi wa pili kwa jirani, akaifunga yote miwili pamoja kwa miti mitatu, kiti kikakaa juu ya ubao katikati. Safari hii gunia lilikwenda hadi kwenye mafunjo na kurudi bila kutikisika. Mimi mwenyewe nikakaa juu ya kile kiti, nikajaribu kutumia mkono wa kushoto tu. Ilikuwa sawa.

Yaya alikuwa amekwisha chagua mahali. Upande mmoja wa ziwa kuna ghuba ndogo, kilima kinaikinga na upepo na mafunjo yanaifunga pande mbili, maji yanalala kama ya beseni mpaka karibu saa sita mchana. Viboko hawaendi huko, wanapenda upande wa pili. Tungetoka saa moja na nusu asubuhi na kurudi kabla ya saa tano. Chambo nyungunyungu, na mshipi mwepesi ambao mtu anaweza kuuvuta kwa mkono mmoja. Nilimpigia mama simu nikamweleza yote hayo, naye akawa anamkariria mumewe neno kwa neno. Nikasikia sauti ya afande nyuma: "Nyungu. Nyungunyungu. Ndiyo."

Ikabaki ruhusa. Mwenyekiti wa wavuvi alisema yeye hana neno, ila kumpakia mtu asiye mvuvi, tena mgonjwa, kunataka barua ya ofisi ya kambi yetu ya wakimbizi. Ofisini wakataka barua ya daktari. Barua ya daktari ilipofika kutoka Mbarara wakataka kuona majaketi ya kuokolea, manne, mazima. Tuliyapata kwa kuyaazima huku na huku. Tukayapeleka. Mwenye kutia sahihi alikuwa amekwenda kwenye mafunzo. Nilikaa kwenye benchi ile asubuhi nyingi, pamoja na watu waliokuja kwa mambo mazito kuliko langu, mama mwenye mtoto asiye kwenye orodha ya chakula, mzee aliyepoteza karatasi zake zote. Nilikuwa naona haya kuulizwa nimefuata nini. Ungesemaje? Nimefuata ruhusa ya mtu kwenda kuvua samaki kwa furaha yake?

"Rudi Jumatatu," kijana wa dirishani alikuwa akiniambia, kwa upole, na sikuwa na la kumlaumu.

Mama naye alipiga kila siku. "Mama samaki, tumefika wapi?" Akanieleza kwamba mumewe ameanza kufunga ndoano mwenyewe, uzi mmoja ameushika kwa meno, mwingine kwa mkono wa kushoto. Anaomba ajaziwe maji kwenye beseni kubwa la kufulia, liwekwe mbele ya kiti, anatupa mshipi ndani, anauvuta, anautupa tena. Mkono umepata nguvu, hata kijiko anashika vizuri. Kila asubuhi anauliza, "Kesho?"

"Na mimi nasema kesho kutwa," mama aliniambia. "Nitasema hivyo mpaka lini?"

Nilianza kuipita nyumba yao haraka, nikiacha samaki mlangoni kwa jirani, kwa sababu kila nilipoingia afande alinitazama usoni akingoja.

Barua ilitiwa sahihi Jumatatu moja, wiki ya sita. Tukapanga Alhamisi. Nilimpigia mama nikamsikia anapiga kigelegele, peke yake, ndani ya nyumba. Jumatano mchana walinzi wa ziwa wakapita na kipaza sauti. Ziwa limefungwa. Hakuna kuvua, kwa wavu wala kwa ndoano, mpaka samaki wazaliane.

Hakuna aliyetukosea. Sisi wenyewe tulikuwa tunalalamika kwamba samaki wamekuwa wadogo. Yaya alichukua ile barua akaenda nayo kwa mwenyekiti, kisha kwa walinzi wa ziwa, akarudi jioni miguu imejaa vumbi. "Bamekubali tuingie mu maji," alisema. "Masaa mbili. Ila bila ndoano."

Nilimpigia mama. Nikamweleza yote.

"Nguo yake nimepiga pasi," alisema. "Kofia iko juu ya kitanda. Gari nimeshaita. Tunakuja tu."

"Utamwambia?"

"Wewe mwambie, mama samaki. Mimi siwezi."

Walifika mapema, jua bado halina nguvu. Afande alikuwa amevaa shati jeupe na kofia ya jeshi, amenyoa ndevu. Kwenye mfuko wa shati kilionekana kipande cha mti alichokizungushia mshipi, ndoano imechomekwa vizuri isimchome. Aliona ziwa kupitia kioo cha gari akatoa sauti ambayo haikuwa neno. Mimi nilisogea hadi mlangoni, nikainama, nikamsalimu, nikamuuliza njia ilikuwaje. Zaidi ya hapo mdomo haukufunguka. Nilirudi nyuma.

Yaya ndiye aliyepiga magoti chini karibu na gari. "Afande, pole. Leo hakuna kuvua. Bamefunga ziwa jana. Tutaenda tu kutembea mu maji, utaona fasi nzuri, siku ingine tutavua."

Afande alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake wa upande mmoja haukuwa na uwezo wa kuonyesha kitu, na ule wa upande mzima haukuonyesha pia. Wanaume wanne wa kanisani kwetu walimbeba wakamweka kitini, nikamfunga kwa kanga ileile ya gunia, tukamvika jaketi. Mimi na mkewe tukakaa mtumbwi mmoja, yaya akasimama kwenye mwingine na kasia.

Ghuba ilikuwa kama yaya alivyosema. Maji hayakuwa na kovu. Samaki waliokuwa wamekatazwa kuguswa walikuwa wanajionyesha kila mahali, kichwa hiki, mkia ule, duara baada ya duara. Mama alianza kulia kimyakimya na kucheka wakati huohuo. Afande akatia mkono wa kushoto mfukoni, akatoa mshipi, akachomoa ndoano kwa meno, akaishusha majini. Bila chambo.

"Yaya," nikanong'ona.

Yaya alikuwa anatazama kilima. "Sioni kitu," alisema.

Tulikaa hivyo labda nusu saa. Mkono wa afande ulikuwa unapandisha mshipi kidogo na kuushusha, kidogo na kuushusha, kwa namna ambayo hakujifunza kwenye beseni. Shingo yake ilikuwa imenyooka. Nilimwona alivyokuwa kabla, mtoto wa mvuvi, na pia mtu ambaye wengine walikuwa wakimngojea aseme waende wapi.

Firimbi ikalia kutoka ufukoni. Mlinzi wa ziwa alikuwa amesimama kwenye jiwe, anaonyesha kwa mkono. Ikalia tena. Yaya angenyang'anywa mtumbwi wa jirani, na leseni yake, ambayo ndiyo chakula cha nyumba tatu.

"Afande, toa," alisema. "Tafazali. Tutapata matatizo mingi."

Afande hakugeuka. Firimbi ya tatu. Yaya akaweka kasia chini, akavuka hadi kwenye kiti, akaushika ule mkono wa kushoto na kuanza kufungua vidole, kimoja kimoja. Vilikuwa na nguvu, wiki sita za beseni zilikuwa ndani yake. Yaya alikuwa anasema, "Nisamehe, baba. Nisamehe, baba," na huyo mtu hakuwa amemzidi kwa miaka mingi. Nilitaka kusimama nimsaidie, lakini sikujua ningemsaidia nani. Mama alifunika uso kwa mikono.

Mshipi ulipotoka afande alisema, "Bado." Mara moja tu. Yaya akapiga kasia hadi nchi kavu.

Yule mlinzi alikuwa kijana. Alikuja anatembea haraka, amekasirika, na alipoiona kofia akasimama palepale, akapiga saluti. "Samahani, afande. Ni amri tu." Niliona bega la kulia la afande likitikisika. Likatikisika tena, na mkono chini yake haukupanda. Kijana alibaki na saluti yake hewani, hajui ashushe lini, mpaka mama alipomwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sawa, mwanangu. Wewe enda."

Mimi na yaya tuliwasindikiza hadi gari. Mama alitushukuru, akatuambia tukipata habari ya kufunguliwa tumpigie. Yaya hakuifungua ile mitumbwi miwili. Alimwomba jirani amvumilie, naye akavumilia.

Ziwa lilipofunguliwa nilipiga simu siku ileile. Mama alinieleza kwamba kiharusi cha pili kilikuja wiki ya pili baada ya safari yetu. Hashiki kitu tena. "Hata beseni nimeondoa," alisema.

Nilikwenda kumwona. Mama alinipa chai, tukaomba pamoja karibu na kitanda, kila mmoja kwa lugha yake. Afande alikuwa amelala na macho nusu wazi. Nilijaribu kutafuta neno la kumwambia, nikamwambia kwamba maji yametulia siku hizi, kisha nikaona ni neno baya nikaacha. Mama alikuwa anamfuta mdomo.

Nilipofika nyumbani yaya aliniuliza, "Alisema nini?"

"Alikuwa amelala."

Yaya akainuka akaenda ziwani. Nilimsikia kwa mbali akikata kamba zilizofunga ile miti mitatu, na baada ya muda nikamwona akiuvuta mtumbwi wa jirani kuurudisha, peke yake, bila kuniita.